Je, Wajua? Wimbo wa Anfield Ulitungwa kwa Ajili ya Mjane

Je, wajua kwamba wimbo ambao mashabiki wa Liverpool huuimba wakiwa wameinua skafu kabla ya kila mechi pale Anfield haukutungwa kwa ajili ya mpira, haukutungwa Liverpool, na walioutunga wala hawakuwa Waingereza? "You'll Never Walk Alone", yaani Hutatembea Peke Yako, ni wimbo wa jukwaani. Umetoka katika Carousel, tamthilia ya nyimbo iliyofunguliwa Broadway, New York, tarehe 19 Aprili 1945 katika ukumbi wa Majestic. Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ni ya Oscar Hammerstein wa Pili. Miaka mingi kabla ya uwanja wowote kuuimba, uliimbiwa mwanamke mmoja aliyekuwa ameinama kando ya maiti ya mumewe.

Kuanzia Mwanza hadi Mombasa, wanaoujua wimbo huu ni wengi kuliko wanaoijua hadithi hiyo. Kwenye kibanda umiza utamkuta kijana amevaa jezi nyekundu, ameukariri wimbo mzima, hakosei hata neno, lakini ukimuuliza ni nani aliyekufa atakushangaa. Na kuna mtu alikufa. Ndiyo maana safu ya leo nimeutengea wimbo huu mmoja tu.

Je, wajua marehemu mwenyewe alikuwa mpiga debe? Jina lake Billy Bigelow. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya bembea ya farasi wa mbao wanaozunguka, akiita wateja kwa sauti na mbwembwe, katika mji wa pwani ya Maine, Marekani, mwaka 1873. Akampenda Julie Jordan, msichana wa kiwandani. Wakaoana, na wote wawili wakajikuta hawana kazi. Billy hakuwa mume wa kusifiwa. Alimpiga mkewe, na tamthilia hailifichi jambo hilo, ingawa kwa maoni yangu inamsamehe upesi kuliko anavyostahili. Aliposikia Julie ana mimba, akataka fedha za haraka. Akaungana na mhalifu mmoja aitwaye Jigger wakapanga kumpora tajiri mwenye kiwanda. Mpango ukaharibika. Billy alipoona hana pa kukimbilia, akajichoma kisu. Alikata roho mikononi mwa Julie.

Je, wajua kwamba ndani ya hadithi hiyo, maneno ya wimbo yanatoka kwenye kitambaa cha kutarizi? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Julie ana binamu yake mtu mzima, Nettie Fowler, aliyewapa yeye na Billy mahali pa kukaa. Msiba ulipotokea, Nettie anamkumbusha Julie kitambaa ambacho Julie mwenyewe aliwahi kumzawadia, kilichotariziwa maneno ya faraja, namna ileile ya vitambaa vyenye misemo ambavyo mama zetu walivitandika kwenye makochi ya sebuleni. Nettie anamuuliza: kile kitambaa kinasemaje? Julie anaanza kuyatamka maneno. Anafika njiani, kilio kinamkaba koo, anashindwa. Anamwangukia Nettie kifuani. Nettie anayapokea maneno pale yalipokatikia na kuyaimba hadi mwisho.

Usiku ule wa kwanza Broadway, Nettie alikuwa Christine Johnson, mwimbaji wa sauti nzito ya kike aliyetokea Metropolitan Opera. Julie alikuwa Jan Clayton, na Billy alikuwa John Raitt, ambaye binti yake Bonnie Raitt baadaye alivuma kwa gitaa na nyimbo za bluzi.

Je, wajua wimbo huu unarudi mara ya pili kabla pazia halijafungwa? Miaka 15 imepita. Billy anaruhusiwa kushuka kutoka mbinguni kwa siku moja tu, amwone binti yake Louise ambaye hakuwahi kumtia machoni. Louise anamaliza shule, amekaa peke yake, watoto wenzake wanamtenga kwa sababu ya jina baya la baba yake. Mkutano mzima wa mahafali unauimba ule wimbo, na taratibu Louise naye anafungua mdomo. Kutokana na sehemu hiyo, shule nyingi za Marekani ziliuchukua zikauimba katika mahafali yao, na makanisa nayo yakauingiza katika ibada za mazishi.

Hadithi ya Billy haikuanzia Marekani. Ilianza Budapest, Hungary, mwaka 1909, kama tamthilia ya Ferenc Molnár iitwayo Liliom. Ilipofunguliwa kwao haikupendwa. Sifa zilikuja baadaye, ilipozunguka Ulaya na Marekani. Katika Liliom mwisho ni mchungu: mtu anashuka kutoka mbinguni, anampiga bintiye kofi, anarudishwa akiwa ameshindwa. Rodgers na Hammerstein waliuona mwisho huo hauwezekani kuimbwa. Wakahamisha kila kitu hadi Maine, wakabadili tamati, wakaweka wimbo. Molnár, Myahudi aliyekimbilia New York kuwakwepa Wanazi, aliishuhudia kazi hiyo ikifanyiwa mazoezi na akaukubali mwisho mpya.

Je, wajua wimbo ulizaliwa katika wiki ya namna gani? Rais Franklin Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945. Siku saba baadaye Carousel ikafunguliwa. Vita vya Okinawa vilikuwa vimepamba moto, na Ujerumani ilikuwa haijasalimu amri. Ilisalimu tarehe 8 Mei. Katika ukumbi ule walikaa wazazi na wake wa wanajeshi, wengine wakiwa tayari wamepokea taarifa za vifo. Mjane wa jukwaani alipokosa sauti, chini yake kulikuwa na wajane wa kweli. Tamthilia ilichezwa mara 890.

Rodgers hakuuona usiku huo akiwa kwenye kiti. Alikuwa ameumia mgongo, akaletwa kwa machela na kulazwa nyuma ya pazia la kibanda cha juu ukumbini, akiwa amepewa dawa kali za maumivu. Hakuona vizuri, hakusikia vizuri makofi, akaondoka akiamini kazi imeanguka. Baadaye alisema kuwa katika tamthilia zake zote, Carousel ndiyo aliyoipenda zaidi.

Na je, wajua kwamba ng'ambo ya barabara ileile, Mtaa wa 44, ilikuwa bado inachezwa Oklahoma!, tamthilia yao ya kwanza ya mwaka 1943? Watu wawili, barabara moja, kumbi mbili zimejaa.

Hammerstein aliandika maneno kwanza, Rodgers akayatilia muziki baadaye. Mpangilio huo una maana kubwa katika wimbo huu. Sikiliza ulivyojengwa. Nyimbo nyingi za Broadway za wakati ule zilikuwa na beti zinazorudia sauti ileile, kisha mchepuko, kisha kurudi. Huu haurudi nyuma. Unaanzia chini, kwa sauti ya mtu anayesema na mwenzake chumbani, kisha unapanda kidogo kidogo bila kupumzika, na kilele chake kiko mwishoni kabisa. Maneno yenyewe ni machache na mepesi: dhoruba, upepo, mvua, matumaini. Hakuna jina la mtu, hakuna mahali, hakuna dini iliyotajwa. Ndiyo sababu umeweza kuingia kanisani, hospitalini, mahafali na uwanjani, na wote waliouchukua wakaona ni wao.

Je, wajua kwamba watunzi hawa wawili ndio wa The Sound of Music, ile filamu ya mtawa Maria na watoto wa von Trapp? Ukiitazama vizuri utakuta mpango wa Carousel umerudi mle ndani: Maria amevunjika moyo, na Mama Mkuu wa watawa anamwimbia wimbo wa kumsimamisha tena. Nettie na Julie wamebadilishwa mavazi tu. Nadhani Hammerstein alijua jambo ambalo kila aliyewahi kukaa matanga analijua, kwamba neno la faraja likitoka kwa mwanamke mtu mzima aliyeona mengi lina uzito wake.

Hammerstein alifariki tarehe 23 Agosti 1960. Siku chache baadaye, taa za Times Square zilizimwa kwa dakika moja kwa heshima yake.

Je, wajua nani aliufikisha wimbo redioni? Frank Sinatra aliurekodi mwaka uleule wa 1945, wakati tamthilia ikiwa bado changa. Lakini aliyeutoa ukumbini akauweka kwenye vinywa vya Wamarekani Weusi ni Roy Hamilton, kijana wa Georgia aliyelelewa na nyimbo za kanisani. Mwaka 1954 rekodi yake ilikaa namba 1 kwenye chati ya midundo ya R&B kwa wiki 8. Hamilton anauanza kwa utulivu, kisha anaufungua kifua chote mwishoni. Baada yake wakaja Mahalia Jackson, Patti LaBelle na kundi lake la Bluebelles, na Aretha Franklin, aliyeuimba kanisani Los Angeles mwezi Januari 1972 katika ibada zilizozaa albamu ya Amazing Grace. Nina Simone aliupiga kwa piano, bila kuimba neno. Elvis Presley, aliyemhusudu sana Hamilton, naye aliurekodi, ukatoka mwaka 1968. Johnny Cash aliurekodi katika miaka yake ya mwisho, sauti ikiwa imechakaa, na rekodi ikatoka mwaka 2003 yeye akiwa ameshafariki. Ukiniuliza ni ipi inayokaribia zaidi kile chumba cha Maine, nitasema hiyo ya Cash. Ni mtu anayejua anakokwenda.

Je, wajua kwamba mvua ilichangia wimbo kufika Liverpool? Gerry Marsden, mzaliwa wa jiji hilo mwaka 1942, alisimulia kwamba akiwa kijana alikwenda sinema kutazama vichekesho vya Laurel na Hardy. Nje mvua ikanyesha. Akaamua kubaki kutazama filamu ya pili, nayo ilikuwa Carousel, iliyotengenezwa mwaka 1956. Wimbo ukamshika. Alipoanzisha bendi yake, Gerry and the Pacemakers, akawa anauimba kwenye klabu za jiji, katikati ya nyimbo za kuruka na kucheza.

Bendi hiyo ilikuwa chini ya meneja Brian Epstein na mtayarishaji George Martin, walewale wa Beatles. Hata wimbo wao wa kwanza, "How Do You Do It?", Beatles walikuwa wameurekodi na kuukataa. Ukashika namba 1 Uingereza mwaka 1963. Wa pili, "I Like It", nao namba 1. Wa tatu ukatarajiwa uwe wa kuchangamsha vilevile, lakini Marsden akang'ang'ania huu wa polepole, wenye vinanda vya nyuzi. Ukakaa namba 1 kwa wiki 4 mwezi Novemba 1963. Hakuna msanii aliyekuwa amewahi kufungua kazi yake kwa nyimbo tatu za kwanza zote kushika namba 1 Uingereza. Rekodi hiyo ilidumu peke yake hadi mwaka 1984 ilipofikiwa na Frankie Goes to Hollywood, nao pia kundi la Liverpool.

Sasa uwanjani. Miaka ile, kabla ya mechi, vipaza sauti vya Anfield vilipiga nyimbo 10 zinazoongoza chati, na mashabiki wakiziimba zote. Nyimbo zilipanda na kushuka, nyingine zikaja, za zamani zikasahauliwa. Huu uliposhuka kwenye chati, mashabiki walikataa kuuacha. Kamera za BBC zilizokwenda Anfield mwaka 1964 ziliwakuta maelfu wamesimama wamebanana wakiimba nyimbo za Beatles na za Cilla Black, mwanamke mwingine wa jiji lao. Zile zimebaki kwenye santuri. Huu umebaki kwenye nembo ya klabu, ambako jina lake limeandikwa tangu mwaka 1992, na juu ya lango la chuma la kumkumbuka kocha Bill Shankly, lililowekwa mwaka 1982. Simba wana Nguvu Moja, Yanga wana Daima Mbele Nyuma Mwiko, na kauli mbiu ya Majogoo wa Jiji ni jina la wimbo wa Broadway.

Je, wajua kwamba jukwaa linalouimba kwa nguvu zaidi lina jina la kilima cha Afrika Kusini? Kop ni kifupi cha Spion Kop, kilima cha Natal ambako Waingereza walishindwa vibaya na Makaburu mwezi Januari 1900. Wengi waliouawa pale walitoka katika vikosi vya Lancashire, eneo lililolizunguka jiji la Liverpool. Jukwaa lilipojengwa mwaka 1906 likapewa jina hilo kwa kuwakumbuka. Mmoja wa waliobeba majeruhi kwa machela kwenye kilima kile alikuwa mwanasheria kijana aitwaye Mohandas Gandhi. Kwa hiyo hata kabla ya wimbo kufika, watu wa Kop walikuwa wamesimama juu ya jina la msiba.

Sauti ya Kop yenyewe imo kwenye albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1971, Meddle. Ufike mwisho wa wimbo "Fearless", utawasikia.

Je, wajua kwamba Marsden aliufikisha wimbo huo namba 1 mara mbili? Tarehe 11 Mei 1985 moto ulilichoma jukwaa la uwanja wa Bradford City katikati ya mechi na kuua watu 56. Wanamuziki wengi wakakusanyika kwa jina la The Crowd, Marsden akiwaongoza, wakaurekodi upya kuchangia waathirika. Ukapanda tena juu. Mwaka 1996 waigizaji Robson na Jerome nao waliufikisha huko. Mara ya nne nitaisema baadaye, kwa sababu lazima kwanza nieleze kuhusu Hillsborough.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest walikutana Sheffield katika nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya chuma nyuma ya goli. Siku ile walikufa 94. Wa 95 alifariki siku nne baadaye, wa 96 mwaka 1993 na wa 97 mwaka 2021, kwa majeraha yaleyale. Watu wa Liverpool waliweka maua Anfield hadi yakaufunika uwanja. Wakafunga skafu nyekundu na za buluu moja kwa nyingine, kuvuka bustani ya Stanley, kuunganisha uwanja wao na wa Everton, mahasimu wao. Siku nne baada ya maafa, tarehe 19 Aprili, AC Milan walikuwa wakicheza na Real Madrid huko San Siro. Mwamuzi alisimamisha mpira kwa ukimya wa kuwakumbuka marehemu, na mashabiki wa Milan, Waitalia wasiokuwa na undugu wowote na Liverpool, wakauimba. Mwezi Mei Marsden alisimama Wembley kabla ya fainali ya Liverpool na Everton, akauongoza uwanja mzima.

Tangu siku hizo wimbo haukuwa tena wa kuchangamshia mechi tu. Familia zilipigania ukweli kwa miaka 27, huku magazeti na polisi wakiwa wamewasingizia mashabiki. Tarehe 26 Aprili 2016 baraza la uchunguzi lilitamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Familia zilitoka nje ya jengo la mahakama huko Warrington, zikashikana, zikauimba. Wengine hawakuweza kumaliza. Hapo ndipo ninapomwona Julie waziwazi: maneno yanaanza, koo linakaba, mwenzako anayapokea.

Je, wajua kuwa si Liverpool peke yao? Celtic wa Glasgow wanauimba. Feyenoord wa Rotterdam na Club Brugge wa Ubelgiji pia. FC Tokyo wameufikisha Japani. Borussia Dortmund wa Ujerumani wanao tangu miaka ya 1990. Tarehe 13 Machi 2016, Dortmund wakicheza na Mainz, shabiki mmoja alifariki kwa mshtuko wa moyo jukwaani. Habari zilipoenea, zaidi ya watu 80,000 walinyamaza, ngoma zikaachwa, mabango yakashushwa. Mwisho wa mechi uwanja mzima uliinua skafu na kuuimba, wachezaji wakiwa wamejipanga mbele yao.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Aprili 2016, Dortmund haohao walikuwa Anfield, usiku wa kuamkia kumbukumbu ya Hillsborough. Mashabiki wa pande zote mbili waliuimba pamoja kabla ya kipenga. Liverpool walishinda 4-3 baada ya kuwa nyuma 3-1. Goli lao la kwanza lilifungwa na Divock Origi, mwana wa Mike Okoth, mshambuliaji wa zamani wa Harambee Stars ya Kenya aliyewahi kuchezea Oostende, Ubelgiji.

Na huyo Origi! Wakenya hawahitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 7 Mei 2019. Liverpool walikuwa wamefungwa 3-0 Barcelona katika mechi ya kwanza, na sasa walirudiana Anfield. Salah na Firmino majeruhi. Origi akafunga la kwanza dakika ya 7, Wijnaldum mawili, kisha dakika ya 79 Trent Alexander-Arnold akapiga kona ya haraka na Origi akaimalizia: 4-0. Baada ya mechi, wachezaji na kocha Jürgen Klopp, ambaye kabla ya Anfield alikuwa Dortmund, walishikana mabega mbele ya Kop wakauimba. Katika mstari ule alisimama mwana wa Mkenya.

Je, wajua mara ambayo wimbo uliimbwa timu ikiwa imelala? Istanbul, tarehe 25 Mei 2005. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, mapumziko, AC Milan 3, Liverpool 0. Mashabiki wa Liverpool wakauanzisha, na wachezaji kadhaa wamesema waliusikia hadi chumba cha kubadilishia nguo. Gerrard, Šmicer na Alonso wakasawazisha ndani ya dakika 6, kombe likaja kwa penalti. Wapo wanaosema wimbo ndio ulioleta magoli. Mimi siamini hivyo. Naamini waliimba kwa sababu mambo yalikuwa yameharibika, na hiyo ndiyo kazi ya wimbo tangu mwanzo.

Nilitaja mara ya nne. Mwaka 2020, korona ilipofunga dunia, tarehe 20 Machi saa 2:45 asubuhi kwa saa za Ulaya ya kati, redio nyingi za Ulaya zilipiga wimbo huu kwa pamoja. Mwezi uliofuata Tom Moore, askari mstaafu aliyepigana Burma, alikuwa akitembea bustanini kwake kwa kigari cha kujishikilia kuchangisha fedha za hospitali. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 30. Akaurekodi wimbo pamoja na mwimbaji Michael Ball na kwaya ya wahudumu wa afya. Tarehe 30 Aprili 2020 alitimiza miaka 100 wimbo ukiwa namba 1. Hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyewahi kuongoza chati ya Uingereza.

Gerry Marsden alifariki tarehe 3 Januari 2021, viwanja vikiwa bado havina watu kwa sababu ya korona.

Na tarehe 13 Julai 2025, siku 10 baada ya mshambuliaji wao Diogo Jota na mdogo wake André Silva kufa kwa ajali ya gari Hispania, Liverpool walicheza mechi ya kirafiki Preston. Wimbo uliimbwa kabla ya kipenga. Ilikuwa mechi yao ya kwanza tangu Jota afariki, na hakuna aliyekuwa akifikiria matokeo.

Kama una dakika chache leo, tafuta rekodi ya waigizaji wa kwanza wa Carousel ya mwaka 1945, umsikilize Christine Johnson. Halafu msikilize Roy Hamilton, halafu Gerry Marsden, halafu Johnny Cash, kwa mpangilio huo. Kisha umsimulie kijana wa kibanda umiza habari za Julie na kile kitambaa. Ameshika maneno yote tayari. Anastahili kujua yaliimbwa kwa ajili ya nani.